Mabati ya Karen, Nyumba ya Kabiria

Nekesa, mama yangu,

Umetoka hapa saa tisa kwenda Kawangware kumuaga shangazi yako, na dada yangu namjua, hamwachilii mtu kabla hajamlisha mara mbili. Kwa hivyo nina nafasi. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na ile kalamu yako ya buluu, na jua bado liko dirishani.

Kesho asubuhi unapanda basi la Eldoret. Sitakuandikia habari za blanketi, wala sufuria, wala dawa ya homa. Mama yako amepiga simu kutoka Bungoma mara tatu leo kwa ajili ya blanketi peke yake, na mimi nikiongeza langu nitaambiwa nimesahau kitu. Hayo yana mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni hili paa lililo juu ya kichwa changu ninapoandika.

Tangu Jumanne hatujaongea vizuri. Unanisalimia, unaniwekea chakula, unasema, "Baba, chai iko kwa chupa," halafu unaingia chumbani kwako. Mimi nami najifanya nina shughuli na redio. Watu wawili ndani ya nyumba moja na tunapishana mlangoni kama wapangaji wasiojuana. Ningekuambia haya kwa mdomo, lakini unanijua. Mimi nikifungua mdomo naanza na hasira, namaliza na hasira, na hapo katikati sijasema kitu. Kwenye karatasi naweza kufuta. Nimeshafuta mara nne.

Sitaki uende na ule uso wa Jumanne. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, na nisije nikajificha nyuma ya mabati kama kawaida yangu.

Unajua kwa nini nauza nyumba. Magoti yangu yamekataa ngazi, na mama yako nilimwahidi nitarudi nyumbani tangu wewe ukiwa darasa la kwanza. Amelima lile shamba peke yake miaka yote hii, anakuja Nairobi Agosti na Disemba kama mgeni, analala kwenye kitanda chake mwenyewe akiuliza shuka ziko wapi. Sasa Bwana Mutua amekuja, ameipenda nyumba, ana mke na watoto watatu, na ameona kila kitu isipokuwa kile ambacho hakionekani wakati wa kiangazi. Swali ni paa. Nilitoe niweke jipya kabla ya kuuza, nilipake rangi ninyamaze, au nimwambie lilivyo. Wewe ulikuwa na jibu lako Jumanne. Mimi nilikuwa na kelele.

Wacha nikueleze hili paa lilikotoka, kwa sababu wewe umelikuta tu hapo juu kama mtoto anavyomkuta babu yake.

Nilipomaliza kuta za nyumba hii nilikuwa sina kitu. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Karen, kule kwa matajiri, kwenye nyumba moja kubwa ambayo mwenyewe alikuwa amechoka na mabati, anataka vigae. Tukayashusha. Yalikuwa mabati ya zamani, mazito, si haya ya sasa ambayo upepo ukivuma kidogo yanapiga makofi. Yule mwenye nyumba akaniambia, "Fundi, kama unayataka, beba." Nilikodi pikapu siku hiyo hiyo kabla hajabadilisha mawazo. Nikamwambia mama yako, "Nasimiyu, sisi tutalala chini ya bati la Karen." Alicheka hadi akakaa chini. Nilitembea hapa Kabiria mwezi mzima kifua mbele.

Lakini bati lililokwisha kupigwa misumari lina matundu, na matundu ya Karen hayakukutana na mbao za Kabiria. Nikapiga misumari mipya pale mbao zangu zilipokuwa, na yale matundu ya zamani nikayaziba kwa lami. Kila bati lililo juu yetu limetobolewa mara mbili. Hakuna fundi asiyejua kwamba hilo ni kosa. Mtu wangu wa kazi angefanya hivyo kwa nyumba ya mteja, ningemfukuza kabla ya chai ya saa nne. Lakini ilikuwa kwangu, na kinyozi hajinyoi. Nikasema mwaka ujao nikipata nitaweka mapya.

Huo mwaka ujao unaujua, umekua nao. Kila mwezi wa tatu nilipanda na kopo la lami, nikaziba, nikashuka, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa. Mama yako alikuwa ananiambia, "Wanyonyi, hilo paa unalipaka dawa kila mwaka na haliponi." Nilikuwa namwambia mambo ya mapaa aniachie mimi. Nimeezeka Karen, nimeezeka Lavington, nimeezeka kanisa, na watu walinipigia simu hata kutoka Ngong. Jioni narudi nyumbani kuhamisha kitanda chako kisinyeshewe.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizunguka.

Ulikuwa na miaka kumi na minne, likizo ya Aprili. Mvua ilipiga mchana, maji yakashuka juu ya vitabu vyako, mimi niko kazini. Ukatoa ngazi nyuma ya choo, ukachukua kopo la lami, ukapanda. Niliporudi, majirani walikuwa wamesimama barabarani wakiangalia juu, na mmoja akaniambia kwa ile sauti ya utamu, "Baba Nekesa, kwani siku hizi umeandika msichana?" Ulishuka mikono yote ni myeusi hadi kwenye kiwiko, unatabasamu. Ulisema, "Baba, nimeziba mashimo ishirini na tatu. Lakini hii bati imeisha."

Nikakuzaba kofi mbele ya watu wote.

Nilisema ni kwa sababu kwetu mwanamke hapandi paa. Ni kweli nililelewa hivyo. Nilisikia tangu nikiwa mdogo kwamba ni mwiko, sikuuliza kwa nini, na aliyeniambia naye nadhani hakuwa ameuliza. Lakini kama kilichonisukuma kingekuwa mwiko peke yake, ningekuita ndani nikuambie polepole. Kilichonisukuma ni kwamba ulisema kweli, tena majirani wakisikia. Fundi wa mapaa, paa lake limeisha, na aliyeligundua ni mtoto aliyevaa ndara.

Wewe una jina la mama yangu mzazi. Ndiyo maana nakuita mama, na ndiyo maana kwetu mtoto wa namna hiyo hapigwi ovyo. Nilikaa nje jioni ile nikiangalia mkono wangu. Nilitaka kuja kukuambia pole, nikasema nitakuambia kesho, na kesho yake tayari ulikuwa unaniambia "shikamoo, Baba" kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Hapo nikaona nimechelewa, na badala ya kuchelewa siku moja nikachelewa miaka sita.

Na kuna jambo hujui. Siku ya tatu mvua ilirudi. Pale ulipoziba wewe hapakudondoka hata tone. Pale nilipoziba mimi mwezi mmoja kabla, palivuja. Nilisimama katikati ya chumba nikitazama juu, nikaona, nikanyamaza. Ulikuwa umefuta kutu kwa brashi kwanza ndipo ukapaka lami, kitu ambacho mimi nilikuwa nimeacha kufanya kwa uvivu. Kazi yako ilikuwa safi kuliko yangu. Ningekuambia siku ile, sijui ungekuwa umefika wapi sasa.

Badala yake ulipomaliza fomu four nikakutafutia nafasi ya kusomea mambo ya hoteli. Ukaenda wiki mbili, ukarudi ukasema hutaki kukunja vitambaa. Nikakuita mkaidi. Ukatafuta mwenyewe, ukaomba mwenyewe, ukaniletea barua ya chuo cha Eldoret, ujenzi, wamekukubali. Mama yako alipiga vigelegele kwenye simu hadi nikaondoa simu sikioni. Mimi nilisema, "Sawa." Nimelikumbuka hilo sawa wiki hii yote. Lilikuwa neno dogo sana kwa kitu ulichokuwa umekishika mkononi.

Basi, Jumanne.

Jumatatu alikuja Karanja, huyu broka anayeniuzia nyumba. Alisimama uwanjani, mikono mfukoni, akaniambia, "Mzee, hiyo bati piga rangi nyekundu, siling piga nyeupe, maneno kwisha. Ni kiangazi. Nani atapanda huko juu? Mutua ni fundi wa lifti, yeye akipanda anapanda akiwa ndani ya sanduku." Nikacheka. Nilicheka kweli, Nekesa, na nilipogeuka ulikuwa mlangoni na ndoo.

Kesho yake nilienda kliniki ya magoti. Niliporudi nikakuta ngazi imeegemea ukuta, na wewe uko mezani na karatasi. Hukuniogopa. Ulisema, "Baba, nimepanda. Nimehesabu yote. Ama uweke mpya, ama umwambie huyo mtu ukweli. Usipige rangi." Nikakuambia ni mambo ya wakubwa. Ndipo ukasema lile neno. Ukasema, "Baba, wewe huwezi fanya kitu kama hiyo. Wewe si mtu wa hivyo."

Nikalipuka. Nilisema hujanunua hata msumari mmoja wa nyumba hii. Nilisema uende Eldoret uniachie nyumba yangu. Uliweka karatasi mezani, ukaiwekea kijiko juu isipeperuke, ukaondoka. Hata ukiwa na hasira unaweka kijiko juu ya karatasi.

Ulidhani nimekasirika kwa sababu umenifundisha kazi. Hapana. Nilikasirika kwa sababu ulinisifu, na sifa yenyewe haikuwa yangu.

Ulikuwa hujaanza shule. Mtu mmoja alikuwa anauza nyumba kule Riruta, akaniita nikaone paa. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, ukiyabonyeza kwa kidole gumba kidole kinaingia. Nikamwambia haya ni ya kutoa. Akasema, "Fundi, mimi sijakuitia ushauri. Nimekuitia rangi." Ningeshuka niende zangu. Sikushuka. Nilitia lami kwenye mashimo, nikapiga rangi nyekundu mara mbili, na jioni lilikuwa paa zuri kuliko yote barabara ile. Hata mimi nilirudi nyuma kulitazama. Pesa ile ndiyo iliyokununulia sare yako ya kwanza, na hilo nimefikiria sana kama nikuambie, lakini nimeanza.

Mvua zilipokuja, mama mmoja alifika pale kwenye hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, tulipokuwa tunangojea kazi, akauliza fundi wa paa. Wenzangu wakanisukumia. Nikamfuata. Tulipopinda kona ya mwisho nikajua tunaenda wapi, lakini niliendelea kumfuata. Alikuwa mjane. Alikuwa ameuza shamba aliloachiwa ili anunue ile nyumba awe karibu na shule za watoto. Ndani, sufuria zote zilikuwa sakafuni zinapokea maji, hadi kikombe cha plastiki cha mtoto.

Nilipanda, nikakaa huko juu muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Niliposhuka akaniuliza, "Fundi, ni nini?" Nikamjibu, "Mama, walikudanganya. Kuna mtu alipaka rangi juu ya kutu." Ndivyo nilivyosema, kuna mtu. Akatikisa kichwa, akasema, "Mungu anamwona huyo mtu." Halafu akaniletea chai, na nikainywa.

Nilimwekea mabati mapya, kazi yangu nikamlipisha nusu, nikajiona mwema. Alinisifia kwa majirani, nikapata kazi nyingine tatu kwa mdomo wake. Kwa miaka kila tukikutana njiani alikuwa ananiita fundi mwaminifu, na mimi nainua mkono naitika. Kila mara nilisema moyoni kwamba siku nyingine nitamwambia.

Jumatano, baada ya zile kelele zangu kwako, nilitembea hadi Riruta. Ndiyo maana nilirudi nikichechemea, si kwamba nilienda kucheza drafti kama nilivyokuambia. Nyumba ile haipo. Kuna ghorofa nne pale, nguo zimeanikwa kila mahali. Niliuliza kwenye duka la chini, nikauliza mlinzi, hakuna anayemkumbuka yule mama. Nilisimama hapo na pole yangu mkononi na hapakuwa na wa kumpa. Nakuambia hivi si ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu utafanya kazi hii, na siku moja mtu atakuitia rangi. Na utakuwa na shida ya pesa siku hiyo, kwa sababu hawaji siku nyingine. Sijui utafanya nini. Najua tu kwamba kupaka ilinichukua siku mbili, na kuna asubuhi mpaka leo naamka nikiwa bado napaka.

Alhamisi niliamka na nguvu. Nikasema basi nitaweka paa jipya, niuze nyumba na kichwa juu, na wewe uondoke ukijua babako amefanya la maana. Nikaenda mjini, nikazunguka maduka ya mabati pale River Road tangu saa mbili. Nikauliza bei ya geji ya ishirini na nane, nikameza mate. Nikauliza ya thelathini, ile nyembamba. Kijana wa duka akaniangalia, akaona mikono yangu, akajua mimi ni wa kazi. Akaniuliza, "Mzee, ni ya kukaa ama ya kuuza?"

Ningekuwa nimeambiwa hivyo na Karanja ningecheka, lakini huyu alikuwa anauliza tu apate kujua atoe lipi. Niliondoka pale nikakaa kwenye ngazi za jengo moja, watu wananipita. Niliona kwamba nilikuwa nakwenda kumpaka Mutua rangi kwa njia ya ghali. Bati jipya jembamba juu ya mbao zilizooza upande wa jikoni, ling'ae mpaka nisaini karatasi, na baada ya hapo kila mtu na mvua yake. Na hata hilo jembamba lingenifanya nikope, nibaki Nairobi mwaka mwingine nikilipa, na mama yako aendelee kufunga ng'ombe peke yake.

Nilimpigia nikiwa palepale kwenye ngazi. Nikamwambia nikimwambia Mutua kweli bei itashuka, na ile nyumba ya vyumba vinne niliyomwahidi huko nyumbani itakuwa ya vyumba viwili. Nilisikia kuku. Akasema, "Wanyonyi, hivyo vyumba vinne ungeweka nani? Njoo." Halafu akauliza kama umenunua blanketi.

Niliporudi hukuwepo. Nikaondoa kijiko, nikasoma karatasi yako.

Mama, mimi nimefanya kazi hii tangu kabla sijaoa, na sijawahi kuandika karatasi kama ile. Mabati thelathini na sita. Kumi na moja bado ni mazima, ukayachorea mahali pake. Mbao tatu za upande wa jikoni zimeoza, moja imepasuka. Gata ya nyuma, ile ya kupitisha maji ya paa, imejaa majani. Chini kabisa ukaandika kuta ziko imara na msingi haujakaa vibaya, kana kwamba unaitetea nyumba. Ulipanda pale juu ukiwa umenikasirikia, na bado uliandika mazuri yake. Nililia kidogo. Redio ilikuwa imewaka, kwa hivyo hata ungeingia usingejua.

Nisamehe kwa kofi lile. Nisamehe kwa maneno ya Jumanne. Msumari mmoja, mimi nilisema, na wewe umelala chini ya haya matundu miaka ishirini. Najua kuandika ni rahisi kuliko kusema, na kesho asubuhi nitajaribu kusema, lakini nikishindwa, hapa nimesema.

Jana, Ijumaa, ndipo nilipoenda Westlands. Mutua anatengeneza lifti kwenye lile jengo refu la vioo, na wakati wa chakula alitoka tukakaa kwenye kibanda cha chai nyuma, pale madereva wanapokula. Nilikuwa nimevaa koti. Niliweka karatasi yako mbele yake nikamwambia, "Bwana Mutua, kabla hujalipa chochote, soma hii."

Alisoma polepole, chapati imepoa. Akasema, "Mzee Wanyonyi, umetoka Kabiria kuja kuniambia nyumba yako ni mbaya?"

"Nyumba si mbaya. Paa ndilo baya. Baya sana. Na nilitaka kulipaka rangi."

Hapo aliweka karatasi chini. Nilidhani atasimama aende, na ningemwelewa. Akaanza kusoma tena kutoka juu, akifuata mistari kwa kidole. Akasema kwenye lifti wao pia wana karatasi kama hiyo, na wengi huijaza wakiwa wamekaa chini. Akasema huyu aliyeandika alipanda, inaonekana. Halafu tukaongea bei. Imeshuka, sitakuficha, na kidogo iliniuma. Tumekubaliana nyumba anaichukua ilivyo, na paa jipya ataliweka kwa pesa zake kabla ya mvua za vuli. Tulishikana mikono.

Akaniuliza kama nitamwezekea mimi. Nikamwonyesha magoti. Akagonga karatasi kwa kidole, akasema, "Basi nipe huyu. Huyu ndiye namtaka. Ni fundi wako?"

Nekesa, nilikuwa nimeshika kikombe na nikakiweka chini. Nimekuita mkaidi, nimekuita kichwa ngumu, nimekuita mama, nimekuita kila kitu. Hilo moja sijawahi kukuita hata kwa utani, na nilijua unalingojea, na nilijua tangu ule mwezi wa Aprili.

Nikasema, "Ndiyo. Ni fundi. Ni binti yangu."

Akanitazama aone kama namtania. "Anapanda?"

"Anapanda."

"Na anajua kazi?"

"Kuliko mimi," nikasema, na haikunigharimu chochote. Nilidhani ingenigharimu.

Nimemwambia unakwenda chuo na utapata likizo fupi mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Amesema atangoja. Wale watu wangu wawili wa zamani watakubebea mabati, nimeshaongea nao, na mmoja alipoguna nikamwambia kama hataki kutumwa na msichana nitatafuta mwingine. Amekubali. Usitumie jembamba. Bei panga mwenyewe, wala usimpunguzie Mutua kwa ajili yangu.

Nimempa namba yako. Atakupigia wiki ijayo, pengine ukiwa darasani, pengine ukiwa kwenye foleni ya chakula. Ukiona namba usiyoijua, shika. Atauliza kama anaongea na fundi Nekesa. Usimwambie subiri nikupe baba. Mwambie ndiye.

Babako,
Wanyonyi